Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi Hauna Mwenyewe: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Elimu ya Juu Tanzania

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania;
Mkurugenzi Mtendaji wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu;
Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Rasi wa Ndaki na Wakuu wa Idara zinazofundisha uhandisi.

Nakala: Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Waheshimiwa viongozi,

Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa kidato cha tano na cha sita katika shule ya sekondari ya serikali, Nyanda za Juu Kusini. Kila mwezi Mei wanafunzi wangu wa tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu, humaliza mtihani wa taifa, na kila mwaka walio bora miongoni mwao huchaguliwa kusomea uhandisi: wa ujenzi, wa umeme, wa mitambo, wa madini, wa kemikali, wa kompyuta. Huondoka wakiwa fahari ya familia na ya shule. Mwaka unapozunguka, baadhi yao huwa wamekwisha kuondolewa chuoni, wengine wanarudia masomo, na wengine wengi wamebaki humo lakini wamepoteza ile hali ya kujiamini niliyoiona ikikua mbele ya macho yangu kwa miaka miwili. Nawaandikia kuhusu miezi michache ya mwanzo wa safari hiyo, kwa sababu ninaamini kwamba sehemu kubwa ya hasara inayotokea humo ingeweza kuzuiwa, na uwezo wa kuizuia uko mikononi mwenu.

Kwa muda mrefu nimewasikiliza vijana hawa, wanaponipigia simu usiku kuniuliza swali la mekanika, yaani somo la nguvu na mwendo wa vitu, na wanapokuja kunisalimu wakati wa likizo. Walisoma vyuo tofauti, katika miaka tofauti, lakini ninapoyaweka maelezo yao pamoja narudi kwenye jambo lile lile: mwaka wa kwanza wa uhandisi hauna mwenyewe. Hisabati hufundishwa na idara ya hisabati, ambayo ina wanafunzi wake yenyewe wa kuwashughulikia. Mekanika iko kwa idara nyingine, uchoraji wa kihandisi kwa nyingine, stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo kwa nyingine tena. Kila idara hutimiza wajibu wake, hutoa majaribio yake kwa wakati wake na kuingiza alama zake katika mfumo. Lakini hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kumtazama kijana mmoja, na masomo yake yote kwa pamoja, katika wiki ya sita ya muhula, na kuuliza kama anaelewa, kama amekula, na kama ameelemewa.

Naomba nieleze wanakotoka, maana huko ndiko ninakokujua vizuri. Katika kidato cha tano na cha sita tunao muhtasari unaofahamika mpaka mada ya mwisho. Mwanafunzi anajua ni karatasi ngapi zitakazokuja na anajua kwamba ile ya tatu ya Fizikia ni ya vitendo. Amefanya maswali ya mitihani iliyopita kwa wingi kiasi kwamba analitambua swali kwa kusoma mstari wake wa kwanza. Tunamfundisha kuandika alichopewa, anachotafuta, kanuni inayohusika, kisha hesabu. Njia hiyo ina thamani yake na siionei haya, kwani inajenga nidhamu ya kufikiri kwa hatua, na katika shule nyingi zenye uhaba wa walimu wa sayansi na wa vifaa vya maabara, ndiyo iliyowawezesha watoto wa wakulima kufika chuo kikuu.

Chuoni kijana huyo anakutana na swali la aina nyingine kabisa. Anachorewa kiunzi cha daraja, vyuma vilivyoungwa kwa pembetatu, anaonyeshwa mahali mzigo ulipokaa, kisha anatakiwa kueleza ni nguvu kiasi gani imo katika chuma kimoja cha katikati, na kama chuma hicho kinavutwa au kinasukumwa. Hakuna kanuni iliyotajwa popote. Inambidi aamue mwenyewe akikate kiunzi hicho mahali gani kwa mawazo, abaki na upande upi, aonyeshe kila nguvu inayokitenda kipande alichokibakiza, kisha achague nukta ya kuchukulia momenti, yaani uwezo wa nguvu kuzungusha kitu, kwa namna ambayo nguvu mbili asizozijua hazitaingia katika mlinganyo wake. Inambidi pia ajue anachoruhusiwa kukipuuza: uzito wa vyuma vyenyewe, msuguano wa viungo, mpindo mdogo usiobadilisha jibu. Hesabu inayobaki baada ya maamuzi hayo ingeweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ugumu wote uko katika kuamua, na kuamua ndiyo kazi ambayo mhandisi ataifanya maisha yake yote.

Sasa, kuamua hakufundishiki katika ukumbi wenye mamia ya watu. Mhadhiri hodari akilifanya swali hilo mbele ya ukumbi, kila mmoja hutikisa kichwa kwa kukubali, kwa sababu mtu aliyezoea akiamua huonekana kana kwamba hakuna kilichoamuliwa. Kijana anarudi chumbani, anafungua ukurasa mtupu, na hajui aanzie wapi. Hapo ndipo anapofikia hitimisho kwamba hana akili ya uhandisi, ingawa ukweli ni kwamba hajapata hata mara moja kukaa na mtu anayemtazama anavyofikiri na kumwambia, hapa umeisahau nguvu ya egemeo, anza tena. Semina za vikundi vidogo ndizo zilizokusudiwa kufanya kazi hiyo. Katika ratiba zipo. Kwa maelezo ya wanafunzi wangu, mara nyingi hugeuka mhadhara mwingine, kwa kuwa wasimamizi ni wachache na kikundi kidogo kimeacha kuwa kidogo.

Uchoraji wa kihandisi unastahili kuzungumzwa peke yake. Somo hilo hufundishwa katika shule chache za sekondari za ufundi, kama Ifunda, Tanga, Moshi, Iyunga na Bwiru. Shule nyingine nyingi sana, ikiwemo yangu, hazina hata ubao mmoja wa kuchorea. Sifa za kujiunga na uhandisi hazilidai somo hilo, zinadai Fizikia na Hisabati, na ni sawa kabisa ziwe hivyo, kwani zingelidai wangebaki nje watoto wengi wenye uwezo mkubwa. Lakini mlango ukishafunguliwa namna hiyo, inakuwaje somo lianze kana kwamba wote waliouingia wametoka Ifunda? Katika chumba kimoja ameketi kijana aliyechora kwa miaka minne na mwenzake anayeishika rula ya T kwa mara ya kwanza. Wote wawili wanatakiwa kukitazama kipande cha chuma chenye matundu na mikato, wakione kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu, na kukichora kwa mionekano mitatu inayokubaliana hadi milimita. Baada ya wiki chache wote wawili wanafanya jaribio lile lile. Alama zinazotoka zinapima shule waliyosoma kuliko zinavyopima uwezo wao.

Uwezo wa kuyaona maumbo kichwani unafundishika, na hilo limethibitishwa kwa miaka mingi. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan, Marekani, Profesa Sheryl Sorby na mwenzake walianzisha mwaka 1993 somo fupi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi waliopata alama ndogo katika jaribio la kuona maumbo. Waliolipitia walifanya vizuri zaidi katika masomo yao, na wengi zaidi miongoni mwao, hasa wanawake, walibaki katika uhandisi. Halikuwa jambo la gharama kubwa: ni kuchora kwa mkono, kushika vipande vyenyewe, kuvizungusha, na kuchora tena. Nasi tunaweza kulifanya kwa vipande vya mbao vilivyochongwa na fundi seremala yeyote.

Najua nitaambiwa kwamba mageuzi ya mitaala yanalishughulikia suala hili, kwa kuwa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, umeanza katika shule za sekondari. Nayaunga mkono mageuzi hayo kwa moyo wote. Lakini mkondo huo ulianza na kidato cha kwanza cha mwaka 2024. Mwanafunzi wa kundi hilo atakayepitia kidato cha sita na kwenda chuo kikuu hatafika huko kabla ya mwaka 2030. Vijana watakaoingia mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata hawawezi kusubiri mtaala ambao hawakuusoma.

Jambo lililonisukuma zaidi kuandika barua hii ni kuchelewa kwa majibu ya majaribio. Katika vyuo vyetu vingi, kazi za muhula hubeba asilimia 40 ya alama na mtihani wa mwisho asilimia 60. Asilimia hizo 40 zingepaswa kuwa na kazi mbili: kumpima mwanafunzi na kumwonyesha alipo wakati bado anaweza kujirekebisha. Kazi ya pili ndiyo inayopotea. Binti mmoja niliyemfundisha, aliyefaulu kwa daraja la kwanza na ambaye sitamtaja yeye wala chuo chake, alifanya jaribio la kwanza la mekanika akatoka akiwa na furaha, kwa sababu alikuwa amejibu kila swali. Matokeo yalibandikwa mihadhara ikiwa imekwisha, siku chache kabla ya mtihani wa mwisho. Ndipo alipojua kwamba tangu mwanzo wa muhula alikuwa akikosea mwelekeo wa nguvu kwenye maegemeo, kosa ambalo mtu mwenye subira angelirekebisha kwa alasiri moja. Kwa wiki nyingi alikuwa amelirudia kosa hilo katika kila zoezi, akilikomaza kwa bidii yake mwenyewe. Mwisho wa mwaka aliondolewa, jambo ambalo wanafunzi wenyewe hulitaja kwa neno fupi, kudisko, na hulitamka kwa sauti ya chini. Nyumbani hakusema. Baba yake alijua Novemba iliyofuata, watoto wa jirani walipofunga mabegi kurudi vyuoni na yeye akabaki.

Simlaumu mhadhiri wake. Mtu mmoja mwenye mamia ya karatasi za kusahihisha, mizigo ya utafiti na madarasa mengine matatu hawezi kurudisha kila karatasi ikiwa na maelezo. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekuwa na wajibu wa kugundua kwamba binti yule alikuwa ameanguka katika majaribio matatu ya masomo matatu ndani ya wiki mbili. Alama hizo zilikuwa katika mafaili ya idara tatu. Zingewekwa mezani kwa mtu mmoja, yeyote angeona.

Na gharama ya kuondolewa ni kubwa kuliko inavyosemwa. Ada iliyolipwa haitarudi, deni la mkopo linabaki palepale bila shahada ya kulilipia, na nafasi aliyoichukua ilikuwa imenyimwa mtu mwingine. Binti huyo sasa anasoma stashahada ya fani nyingine na anafanya vizuri sana. Nafurahi kwa ajili yake, lakini kufaulu kwake huko kunathibitisha kwamba akili haikuwa tatizo.

Naigeukia Bodi ya Mikopo kwa ufupi, na naanza kwa shukrani, kwa sababu wengi wa wanafunzi wangu wasingesoma kabisa bila mikopo hiyo. Kupandishwa kwa fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023 kulisaidia. Tatizo la mwanafunzi wa uhandisi ni wakati. Vifaa vya kuchorea na kikokotoo cha kisayansi huhitajika katika wiki ya kwanza, ilhali fedha humfikia baada ya usajili kukamilika, na usajili wenyewe huhitaji nauli, nyaraka na kupanga foleni katika mji asioujua. Anayekosa kitanda katika mabweni anakwenda kupanga mtaani, ambako mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840 yalikuwa nafuu kubwa, lakini kila anayewatembelea wanafunzi katika mitaa ya jirani ya Changanyikeni au Msewe anaona ni wangapi bado wanaishi nje. Mkopo una kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo. Naomba kipengele hicho, kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza, kitangulie vingine vyote na kifike kabla ya wiki ya kwanza ya masomo, hata kama ni kwa kukabidhiwa vifaa vyenyewe badala ya fedha taslimu.

Kuhusu wasichana, ninayo machungu ya mwalimu aliyewashawishi wengi wao waichague PCM wakati jamaa zao walitaka wasome mambo mengine. Uhandisi haujifunzwi ukumbini peke yake. Sehemu kubwa hujifunzwa kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya nje vya kusomea, katika majadiliano ya vikundi yanayoanza jua likizama na kuendelea hadi usiku. Binti anayeishi mtaani lazima aondoke mapema, na majadiliano yanaendelea bila yeye. Katika darasa lenye wasichana wachache, vikundi huundwa katika siku za mwanzo kwa kufuata waliotoka shule moja au waliolala bweni moja, na yeye anajikuta pembeni bila mtu yeyote kukusudia kumtenga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha programu maalumu ya maandalizi kwa wasichana waliokaribia sifa za kuingia uhandisi, na programu hiyo iliongeza idadi yao. Kwa hiyo maandalizi ya awali si jambo geni kwetu, na waliowahi kuyaendesha wapo.

Sasa niiseme hoja ambayo najua baadhi yenu mnayo, kwa kuwa nimeisikia ikisemwa na watu ninaowaheshimu: kwamba uhandisi lazima uwe mgumu, kwamba anayeshindwa mwaka wa kwanza ni afadhali ashindwe hapo kuliko kwenye jengo. Nakubaliana na sehemu ya kwanza bila masharti. Jengo la ghorofa lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, na lile la Kariakoo, Novemba 2024, yaliua watu waliokuwa kazini na waliokuwa wakijipitia. Sitaki alama ya kufaulu ishushwe hata kwa nusu. Sitaki mtu apewe shahada ya uhandisi kwa kuhurumiwa. Lakini chekecheo linalowazuia watoto ambao shule zao hazikuwa na ubao wa kuchorea, na kuwapitisha wengine kwa sababu tu waliukuta ubao huo, halichekechi ubora. Linalinda majengo yetu kidogo sana, huku likitupotezea baadhi ya watu ambao wangeyajenga vizuri. Nchi ambayo imemaliza kufunga mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja katika Bwawa la Julius Nyerere, na ambayo inaendelea kujenga reli ya kisasa, haina wahandisi wa kutupa.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ililiona jambo hili kwa upande wa pili. Mpango wake wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu, ulioanza mwaka 2003, unamweka mhitimu chini ya uangalizi wa mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mantiki yake ni kwamba hata mwenye shahada mkononi hapaswi kuachwa peke yake anapovuka kutoka hatua moja kwenda nyingine. Ikiwa mtu mzima mwenye shahada anahitaji mlezi wa kazi, vipi kijana aliyetoka bweni la sekondari, ambako kengele ilimwamsha, ikamlaza na kumwambia wakati wa kusoma?

Ombi langu kuu naliwasilisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Iwe ni sharti la ithibati kwamba kila ndaki au chuo kinachofundisha uhandisi kiwe na mratibu wa mwaka wa kwanza, mwalimu mwandamizi aliyepunguziwa mzigo wa kufundisha, mwenye mamlaka ya kudai alama za majaribio ya kwanza ya masomo yote kutoka idara zote ifikapo wiki ya sita, na mwenye wajibu wa kumwita kila mwanafunzi aliyeanguka katika masomo mawili au zaidi. Mamlaka hayo yaandikwe. Nimeona walezi wa wanafunzi walioteuliwa kwa barua nzuri ambao hawana uwezo wa kumuuliza mkuu wa idara chochote, na huishia kusaini fomu. Karatasi za jaribio la kwanza zirudishwe ndani ya wiki mbili, na idara isiyoweza kufanya hivyo kwa sababu ya uhaba wa watu iseme wazi, ili ipewe wasahihishaji.

Kwa vyuo vyenyewe, naomba wiki tatu. Kati ya mtihani wa kidato cha sita wa mwezi Mei na kufunguliwa kwa vyuo mwezi Oktoba au Novemba kuna miezi mitano, ambayo sehemu yake huchukuliwa na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa na sehemu na maombi ya vyuo na mikopo. Wiki tatu za mwisho kabla ya masomo zitoshe kwa uchoraji wa mkono, kwa kukata viunzi kwa mawazo mbele ya msimamizi, na kwa kuandika ripoti fupi ya maabara kwa Kiingereza kinachoeleweka, kwa maana wapo wanaojua wanachokiona kwenye kipimo na hawawezi kukiandika. Kama fedha za kuwalaza wanafunzi kabla ya muhula hazipo, basi wiki tatu za kwanza za muhula zitengwe kwa kazi hiyo. Mwongozo wetu wa krediti unahesabu saa 1,200 za kazi ya mwanafunzi kwa mwaka, na kuzitumia saa 120 kati ya hizo kwa kumwandaa asome zile nyingine si upotevu. Wasimamizi wa vikundi wanaweza kuwa wanafunzi wa mwaka wa nne waliofaulu masomo hayo vizuri, walipwe posho ya kawaida na wafundishwe namna ya kusikiliza kabla ya kujibu. Na karakana zifunguliwe kwa mwaka wa kwanza mapema. Katika programu nyingi mafunzo kwa vitendo huja mwishoni mwa mwaka, hivyo kijana anamaliza mihula miwili akisoma juu ya chuma bila kukishika. Alasiri moja kwa wiki, mbele ya mashine ya kukerezea au meza ya kuunga nyaya, ingempa mahali pa kuyaweka mambo anayoyasikia ukumbini.

Kwa Wizara, nakumbusha kwamba mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, uliopata mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia na kuanza mwaka 2021, umejenga kumbi, maabara na mabweni katika vyuo vyetu vya umma. Majengo hayo tuliyahitaji. Naomba sasa bajeti ya kawaida ya kila mwaka iwe na fungu, hata dogo, la watu watakaokaa ndani yake na wanafunzi wa mwaka wa kwanza: wasimamizi wa semina, wasahihishaji, washauri nasaha. Mshauri nasaha mmoja kwa chuo chenye maelfu ya wanafunzi hawezi kumfikia kijana ambaye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, ameshindwa mtihani na anaona aibu kupokea simu ya mama yake.

Ombi la mwisho linatuhusu sisi walimu wa sekondari. Tunapeleka wanafunzi vyuoni kila mwaka na hatupati taarifa yoyote rasmi ya kilichowapata. Ninachokijua nimekijua kwa simu za usiku na kwa wanaokumbuka kuja kusalimia, na wale walioumia zaidi ndio wasiokuja. Tume ya Vyuo Vikuu inaweza kuviagiza vyuo vitoe kila mwaka taarifa inayoonyesha, bila majina, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi walioendelea, waliorudia na walioondoka, kwa kila somo na kwa aina ya shule walikotoka, na taarifa hiyo ifike shuleni kabla ya Januari. Tukiona kwamba wanafunzi wetu wanaangukia kwenye mekanika, tutaongeza maswali ya kuamua katika vipindi vyetu. Tukiona ni uchoraji, nitaomba mbao kwa seremala wa hapa kijijini, na tutaanza na kidato cha tano kilichopo sasa, Jumamosi asubuhi, baada ya usafi.

Niko tayari kuitwa kueleza zaidi, pamoja na walimu wenzangu wa Fizikia na Hisabati wa kanda hii ambao tumeyazungumza haya kwa pamoja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Shule ya Sekondari ya Serikali, Nyanda za Juu Kusini